Mwanamke wa Kwenye Redio

Tangu asubuhi nilikuwa nimejikunja ndani ya gari, nyaya shingoni, kidole kinavuja damu, nafunga redio mpya. Ya zamani niliing'oa kwa hasira. Kila nilipowasha gari, sauti ya mwanamke ilisema kwa Kijapani, na mama, akiwa kiti cha nyuma, alimwitikia kama anaitikia mgeni aliyepiga hodi.

"Bwanaheri, kliniki ya Utete haitatungoja."

"Nimemaliza, mama. Leo tunasikiliza taarifa ya habari."

Nikawasha gari. Redio mpya haikutoa hata mkwaruzo. Nikaipiga kofi. Kimya.

Kisha, kutoka chini ya usukani, kwenye kisanduku kidogo kilichokuja na gari toka Japani na ambacho sikuwahi kukigusa, mwanamke yuleyule akaongea, sauti safi kabisa.

Mama akajiweka sawa kitini. "Waalaikumu salaam, mwanangu. Nilidhani huyu amekufukuza."