Mlima Uko Wazi

"Mlima uko wazi, afande," luteni alisema kwa mara ya tatu.

Kapteni Tuntufye hakumwamini. Walikuwa wakirusha ndege za kuigiza kwenye kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya, ndani ya ghala la zamani la ushirika mjini Tukuyu, ili jeshi liamue kama litazinunua. Kwenye kioo chake, Mlima Rungwe wote ulikuwa umemezwa na ukungu.

Jana luteni alisema hivyohivyo. Tuntufye akaandika ripoti kwamba luteni ni mwongo, asipewe ndege tena. Ripoti ilikuwa imeondoka asubuhi na basi la Mbeya.

Akainuka, akafunua pazia lililowatenganisha.

Kioo cha luteni kilikuwa na jua. Mlima ulionekana wote, hadi migomba ya chini.

Muuzaji wa mashine hizo, aliyewaapia kwamba hali ya hewa ni moja kwa marubani wote, alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye swichi.

"Mashine imepata joto tu, mama. Niipumzishe."

"Usiizime," Tuntufye akasema. "Luteni, mshike mkono huo. Mimi nakimbilia posta kupiga simu makao makuu."

"Utawaambia nini, afande?"

"Kwamba mwongo si wewe."