Mipira ya Rejeta

Bi Mwanatenga aliamua kuliuza gari la marehemu mumewe, akamwita fundi Shebwana, aliyemtafutia mnunuzi, aje kulikagua. Alifungua kufuli la banda kwa ufunguo aliouvaa shingoni tangu siku ya mazishi, miaka mingi iliyopita. Hapakuwa na ufunguo mwingine.

Shebwana akainua boneti. Alitarajia kukuta mipira ya rejeta, ile inayopitisha maji ya kupoza injini, imekauka na kupasuka, kama ilivyo kwa gari lolote lililolala muda mrefu. Akaibonyeza mmoja baada ya mwingine. Yote ilikuwa laini, inang'aa.

"Hongera, mama. Mipira imetunzwa hasa. Hii gliserini ya kulainishia imepakwa juzi tu."

"Imepakwa na nani?"

Shebwana akacheka, hadi alipouona uso wake.

"Mume wangu ndiye aliyekuwa akiipaka," Bi Mwanatenga alisema. "Mimi hata boneti sijui inafunguliwaje."

Akasogea, akaushika mpira mnene. Ulikuwa na joto, kama kitu kilichotoka mkononi mwa mtu sasa hivi.

"Na gari halina betri, haliwezi kuwaka," fundi alinong'ona.

"Mwambie yule mnunuzi asije, mwanangu."

Fundi alipoondoka, Bi Mwanatenga alilifunga banda, akaketi kwenye benchi lililoegemea ukuta wake, juani. Muda si mrefu akasikia, huko ndani, kitambaa kikisugua mpira polepole, kwa mlio mwembamba. Hakugeuka. Alijifuta machozi kwa ncha ya kanga, kisha akasogea pembeni ya benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.