Beji ya Zuwena

Kila mtoto akitimiza miaka saba huchomwa mkononi tone la protini ya fenesi. Ngozi ikivimba, anahamishiwa Mji Safi, kusikoingia fenesi, na wazazi hubaki kumwona kwenye skrini tu. Protini hiyo naitengeneza mimi. Bakteria wanaizalisha, nami naichuja mpaka ibaki peke yake, na maabara nzima hakuna anayenishinda.

Binti yangu Zuwena alivimba midomo siku aliyochezea koti langu la kazini. Kwa hiyo leo, zamu yake ilipofika, chupa ya kipimo chake niliijaza maji ya chumvi badala ya protini.

Nesi alichoma, tukasubiri. Mkono ukabaki laini.

"Hongera, baba Zuwena," alisema, akambandika mtoto beji ya kijani.

Tuliporudi, jirani yetu Bi Rukia alikuwa ameshapasua fenesi zima barazani, na mtaa wote umejaa.

"Mpisheni mwali wangu! Mwenye beji hanyimwi!"

Zuwena alipokea kipande cha njano, akanigeukia.

"Baba, sasa naruhusiwa?"

Wote walinigeukia, maana hakuna mzazi anayemkataza mtoto mwenye beji.