Mti wa Wifi

Miaka yote, sufuria ya pilau ya ukoo ilikuwa ya Bi Siwatu. Kisha Zamda, mke wa kaka yake, akapanda mti wa majani ya pilau kwenye ndoo kuukuu uani, na watu wakaanza kuulizana, "Ya leo kapika Zamda, eeh? Inanukia hasa!"

Zamda alipokwenda kwao kumuuguza mama yake, Bi Siwatu ndiye aliyeachiwa kuumwagilia mti. Asubuhi ya pili akaikata ncha yake kwa ukucha, akaitupa jalalani.

"Tuone sasa utarefukia wapi," akaunong'oneza.

Zamda alirudi baada ya miezi miwili. Alipofika uani akapiga kigelegele. Pale palipokatwa palikuwa pamechipua matawi matatu.

"Wifi, mikono yako ina dawa! Mimi niliogopa kuukata."

"Mti haulelewi kwa woga," akajibu Bi Siwatu.

"Basi harusi ya Ijumaa tupike wote. Majani uchume wewe."

Bi Siwatu akainama. Akashika jani, akaliacha, akashika jingine. Nyuma yake Zamda alikuwa ameshaanza kuwaita majirani waje waone.