Kusoma Bila Kusimulia

Siku hizi nyaraka zote za serikali zinasomeka mtandaoni, ila anayezisoma haruhusiwi kusimulia, na simu ya kila mtu husikiliza. Mwanarusi, mwanafunzi wa chuo, alikuwa akitafuta takwimu za maji kwa ajili ya utafiti wake alipokuta vipimo vya kisima cha mtaani kwao. Maji yalikuwa na sumu.

Mama yake akamletea chai.

“Sinywi, mama. Na wewe usinywe.”

“Kuna nini, mwanangu?”

Mwanarusi aliitazama simu, kisha akazitazama ndoo za maji, machozi yakimlengalenga. Mama akaelewa. Akamwaga chai, kisha akamwaga ndoo zote uani.

Jirani aliyekuwa akielekea kisimani akapaza sauti, “Mama Mwanarusi, leo huchoti?”

“Bado ninayo ya jana,” alijibu mama, akafunga mlango.