Panya na Kitunguu-Mwitu

Tegeni masikio, enyi kusanyiko la Bwana.

Katika kilima cha mawe, kati ya mizeituni, Panya alipanda kitunguu-mwitu chenye ua la zambarau, ili kizae vitunguu vya kuwalisha wanawe. Kiangazi kilipokausha majani yake, Panya alikosa raha. Kila kukicha alikifukua, aone kama kiko hai.

"Kiache, dada, kimelala tu," alisema jirani yake Kobe.

"Wewe hulala hata ukitembea. Wanangu watakula usingizi?"

Mvua ziliporudi, kilima chote kilichipua, isipokuwa pale Panya alipopanda kitunguu chake. Kucha zake zilikuwa zimekata mizizi yote. Kobe akawaita watoto wa Panya waje kula kwake.

Nawe unayefukua kila siku ulichokwisha kumkabidhi Mungu, ondoa mkono wako leo.