Sauti Yangu Iliyoibwa

Saluni walisema kuna kirusi kinachoiba sauti za akina mama kwenye kompyuta. Nilicheka, ila neno halikunitoka. Siku hizi shule humwachia mtoto akiitwa na sauti ya mama kupitia kompyuta ya nyumbani.

Juzi binti yangu Salha aliitwa shuleni kwa sauti yangu, nami sikumwita. Mwalimu alimuwahi getini.

Nilimwita Fundi Mbwana, akakata intaneti, akafuta kila kitu kwenye kompyuta yetu.

“Mama Salha, ulifungua kadi ya harusi iliyotumwa kwenye kompyuta?”

“Jina la aliyeituma sikulijua. Lakini kadi ya harusi utaiachaje?”

“Kirusi nimekitoa. Sauti ilishakwenda.”

Sasa nikimwita Salha kula, huchungulia kwanza kama ni mimi.

Wenzangu, msifungue kadi za msiowajua. Msipakue vya bure. Msiache maiki wazi. Msiwaite watoto karibu na kompyuta.